Muuza Bonde Halali Bondeni

Mjukuu wangu, nimesikia mmeoneshwa kiwanja, wewe na mwenzako. Nimesikia ni karibu na barabara, umeme umeshafika kwa jirani, na bei ni nusu ya viwanja vya juu. Nimesikia pia kwamba mlipelekwa Januari, jua la utosi, udongo mkavu, mchicha umestawi, na mto wenyewe umebaki kijito ambacho mtoto wa darasa la pili anakiruka bila kulowesha ndala.

Nakuomba usitoe hata shilingi kabla hujanisikiliza.

Sikuzuii kujenga. Kijana akipata pake, mzee hulala usingizi mwema. Ninachokuomba ni kimoja tu: usijenge mahali pa maji. Usinunue bonde, hata ukiambiwa utalipa kidogo kidogo. Sisi tuliozeekea hapa Dar es Salaam tumeona Mto Msimbazi ulivyokuwa, tumeona ulivyofanywa, na tunajua njia hii inaishia wapi.

Sikiliza.

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Unashuka Gongo la Mboto, unapita Kinyerezi na Tabata, unapakana na Vingunguti, unaingia Kigogo, unatanuka Jangwani katikati ya Magomeni na Kariakoo, kisha unatokea baharini kwenye Daraja la Salenda. Ni safari ya kama kilomita 35. Njiani unapokea wenzake, Luhanga na Ng'ombe na vijito visivyo na majina, kila kimoja na maji ya mitaa yake. Kwa hiyo mvua ikinyesha Pugu, ikanyesha Ubungo, ikanyesha Sinza, maji yote hayo yana mlango mmoja tu wa kutokea.

Hilo la mlango mmoja ulishike, nitalirudia.

Utotoni mwetu Jangwani palikuwa pa mpira. Palikuwa pa majani, pa vyura, pa wavulana waliochelewa kurudi nyumbani. Masika yakiingia maji yalijaa, viwanja vyetu vikazama, na hakuna mtu aliyelia wala kuita serikali. Tulisubiri. Maji yalikaa siku kadhaa, yakatulia, yakaondoka polepole kwenda Salenda, yakaacha tope jeusi ambalo baada ya wiki mbili lilikuwa kijani kitupu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya bonde, kuyapa maji mahali pa kukaa yakingoja zamu yao ya kuingia baharini.

Leo mnashangilia timu zenu, mmoja Wekundu wa Msimbazi, mwingine Wanajangwani. Majina yote mawili ni ya pande hizi. Lakini ukimuuliza kijana aliyevaa jezi Msimbazi ni nini, atakuonesha mtaa wa Kariakoo. Mto wenyewe haujui. Hilo linanihuzunisha, mjukuu wangu, kwa sababu mtu asiyekijua kitu huwa mwepesi wa kukitupia taka.

Basi nikueleze tulivyoufikisha hapa.

Waingereza walianzia mdomoni. Mwaka 1929 walivusha barabara pale mto unapokutana na bahari, ili wakubwa wao wakae Oysterbay na kufanya kazi mjini. Daraja wakalipa jina la Selander, mkuu wao wa kazi za ujenzi, nasi tukalitamka Salenda mpaka leo. Barabara ilipita juu ya tuta la udongo, na maji yakaachiwa uwazi mdogo pale darajani. Mdomo uliokuwa mpana ukabanwa. Halafu kumbuka kwamba bahari nayo hujaa na kupwa. Siku mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mto yanafika Salenda yanakuta bahari imejaa, yanarudi nyuma kutafuta pa kukaa. Zamani yalipata pa kukaa. Leo yanakaa sebuleni kwa watu.

Hata hivyo wakoloni hao hao, pamoja na ubaya wao wote wa kututenga huku wao na kule sisi, mabonde hawakuyagusa kwa nyumba. Ramani ya mji ya 1949 iliyaacha wazi. Ile ya 1979, tukiwa huru na tukijipangia wenyewe, nayo ikasema Bonde la Msimbazi ni mahali pa hatari, pasijengwe. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hatukujua. Tulijua. Karatasi zilikuwepo, na masika yalikuja kila mwaka kutukumbusha.

Shida ni kwamba watu waliongezeka haraka kuliko viwanja. Sensa ya 1967 ilikuta Dar es Salaam haijafika watu laki tatu. Sensa ya 2022 ikakuta milioni tano na zaidi. Watu hao walikuja na mabegi yao, wengine ni baba zenu, wakitafuta kazi. Walihitaji pa kulala karibu na Kariakoo, karibu na viwanda vya Barabara ya Pugu na Ubungo, karibu na bandari. Kilichokuwa karibu, kitupu na cha bei ya chini kilikuwa bonde. Siwalaumu maskini waliojenga kwa sababu hawakuwa na pengine. Nawalaumu waliokuwa na pengine wakawauzia.

Muuza bonde halali bondeni. Shika maneno hayo ya babu yako uende nayo kwa dalali. Muulize yeye anakaa wapi.

Kabla hata ya nyumba kujaa, mto ulishafanywa jalala. Unajua kile kituo cha daladala kinachoitwa Tabata Dampo? Hapo palikuwa dampo kweli, taka za jiji zima zikimwagwa na kuchomwa moto, moshi ukiingia ndani kwa watu usiku na mchana. Wananchi wa Tabata wakaishitaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Nakutajia kesi hiyo ujue kwamba mtu wa kawaida akisimama na wenzake husikilizwa. Lakini taka zilipofukuzwa Tabata hazikuyeyuka. Zilihamishwa Kunduchi, nako watu wakakataa, na miaka michache baadaye zikawa zinamwagwa Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi huu huu.

Vingunguti hapo hapo kulikuwa na machinjio ya zamani, damu na mavi ya ng'ombe vikiteremka mtoni. Kuna mabwawa ya majitaka. Juu yake kuna viwanda. Nimeona maji ya mto huu yakiwa na rangi ambayo maji hayapaswi kuwa nayo. Machinjio mapya yamejengwa sasa, na ni jambo jema, nalishukuru. Ila miaka mingi ya uchafu haioshwi kwa jengo moja jipya.

Pembeni ya maji hayo watu wanalima mchicha. Wanalima tangu zamani. Miaka ya sabini serikali yenyewe ilituhimiza tulime kufa na kupona, na kila bonde la mjini likawa bustani. Siku hizi watafiti wamepima udongo na mboga za Msimbazi wakakuta risasi na madini mengine mazito. Kwa macho mchicha huo ni mzuri, majani mapana, kijani kibichi. Mama anaununua fungu, anaupika na nazi, anawalisha watoto. Sumu ya namna hiyo haikuangushi siku ile ile, inangoja. Nakuomba, mama wa vitukuu vyangu, uulize mboga imetoka wapi.

Na kuna jambo jingine baya ambalo vijana mnalifanya, nami nitalisema bila kuzunguka. Masika yakipiga, mitaa ya bondeni watu wanatapisha vyoo. Wanatoboa shimo, wanaacha maji ya mvua yachukue kinyesi, wanaokoa pesa ya gari la kunyonya. Wanadhani kimekwenda. Kimekwenda kwa jirani wa chini, kwenye kisima chake, kwenye mlango anaokaa mtoto anayetambaa. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia jiji hili, watu walizika, na walioshika majeneza walikuwa wanajua vyoo vya mitaa yao vilivyo. Acheni, wajukuu zangu. Changishaneni mlipie gari. Acheni kabisa.

Sasa tuje kwenye mchanga, maana hapo ndipo wengi hamuelewi.

Kule juu, Pugu na Kazimzumbwi, kulikuwa na msitu mzito. Msitu ulikunywa mvua. Mvua ilidondoka juu ya majani, ikateremka polepole, ikazama ardhini, na mto ukaipokea siku nyingi baadaye. Miti ikakatwa kwa mkaa, mkaa wa kupikia chakula chetu sisi tuliokuwa mjini. Kisha yakaja mashamba, kisha viwanja, kisha bati juu ya kila kiwanja, kisha lami, kisha vitofali uani ili gari lisikanyage tope. Ardhi ikafungwa mdomo. Mvua ile ile iliyokuwa inachukua siku kufika Jangwani sasa inafika kwa saa chache, yote kwa pamoja, na inafika na mchanga wa vilima vilivyobaki uchi.

Mchanga huo unatua pale mto unapopunguza kasi, na unapopunguza kasi ni Jangwani. Kaa ukingoni ulitazame daraja la zamani la Barabara ya Morogoro. Utaona mchanga umepanda mpaka uwazi wa chini umebaki mdogo. Sufuria yenye ukoko mnene wali wake huwahi kufurika, na mto wetu uko hivyo hivyo. Kila mwaka makatapila yanashuka kuchota mchanga, na kila masika mchanga mwingine unakuja. Kinachoachiwa Pugu hulala Jangwani.

Ajabu ni kwamba huku chini mchanga unatusonga, na kule juu vijana wanauchimba. Wanashuka na makoleo kwenye kingo, wanapakia malori, wanapata pesa ya siku. Kingo zinalainika. Mvua inayofuata inamega ukingo, inachukua choo, mwaka wa pili inachukua jiko, mwaka wa tatu inachukua chumba cha watoto. Nimeona nyumba imesimama nusu, ukuta wa chumba umekwenda, kalenda bado inaning'inia kwenye ukuta uliobaki. Mwenye nyumba ile alijenga mbali na mto. Hakusogea yeye, mto ulisogezwa ukamfuata.

Kwa hiyo wewe unayechimba, mjukuu wangu, najua una njaa. Lakini mchanga unaouza leo umetoka kwenye msingi wa mtu.

Na wewe unayejenga, ukiona maji yamekaribia utafanya kama wenzako walivyofanya. Utanunua lori la kifusi, utajaza. Utapanga viroba vya mchanga, utapanga matairi, utainua kizingiti cha mlango. Na maji yatakuacha kweli, mwaka huo. Yatakwenda kwa mwenzako ambaye hakuwa na pesa ya kifusi. Naye mwakani atajaza, yatarudi kwako. Hivyo ndivyo Msimbazi ulivyobanwa, lori kwa lori, na watu wenye nia njema waliotaka watoto wao walale pakavu. Kifusi chako ni mafuriko ya jirani yako.

Sasa nikukumbushe Desemba 2011. Wewe ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka kwamba shule zilikuwa zimefungwa tu.

Mvua ilianza ikaendelea, siku tatu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuwa imeonekana hapa tangu 1954. Usiku maji yaliingia Jangwani, Kigogo, Hananasif, Mchikichini, Tabata. Hayakuja kwa mbele peke yake, yalitokea pia chooni, yakapanda kwenye sakafu. Watu walipanda juu ya bati na watoto mgongoni. Helikopta zikaja kuwachukua. Watu wapatao 40 walikufa katika jiji lililokuwa na hospitali, barabara, redio na kila kitu.

Kulipopambazuka kukakauka kidogo, nilipita mitaa ile. Kwenye kila ukuta palikuwa na mstari wa tope uliokwenda sawasawa nyumba hadi nyumba, juu kuliko kichwa changu. Magodoro yalikuwa yameegeshwa kwenye kuta, yanavuja maji meusi. Mama mmoja alikuwa ametandaza kamba uani, akabana kwa vibanio vya nguo vyeti vya shule vya watoto wake, kimoja kimoja, wino umetambaa. Alikuwa anavipepea kwa kipande cha boksi. Hakuwa analia. Nilimpa pole, akaniitikia, akaendelea kupepea.

Mjukuu wangu, serikali iliwapa watu wa bondeni viwanja Mabwepande, huko kaskazini. Wengine walikwenda wakakaa. Wengine waliuza wakarudi, kwa sababu Mabwepande ilikuwa mbali na kibarua, mbali na soko, na nauli ilikula mshahara. Walirudi bondeni wakijua. Ndiyo maana nakuambia wewe usiingie, kwa sababu bonde likishakuwa kwako, hata mafuriko hayakutoi. Kazi yako iko pale, shule ya mtoto iko pale, wapangaji wako wako pale. Utaona masika yanakuja na utabaki.

Kinachokutoa ni katapila. Desemba 2015 makatapila yaliingia Bonde la Mkwajuni na mitaa ya jirani. Nyumba zilipigwa alama ya X nyekundu, halafu zikaangushwa. Wengine walikuwa na karatasi za mauziano zenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi. Walikuwa wanalipa kodi ya jengo. Walikuwa na mita za umeme na maji walizofungiwa na mashirika ya umma. Wakaambiwa pale si mahali pa kuishi. Waliouza viwanja vile hawakuonekana siku hiyo.

Sheria yenyewe ipo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na inataka mita 60 kutoka kwenye mto zisiguswe na shughuli za kuharibu. Mita 60 ni hatua zako kama themanini. Nenda ukazihesabu pale ulipooneshwa, kuanzia ukingo wa mto na si kuanzia maji ya kiangazi.

Na usiseme wakubwa mbona wanajenga. Najua utasema. Walijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani, kwenye tumbo la bonde, tukasema sisi wazee, hatukusikika. Mwaka baada ya mwaka maji yaliingia, mabasi yakaharibika, barabara ikafungwa, mji ukakatika vipande viwili, Magomeni huku na Kariakoo kule. Pesa ya umma ilikwenda na maji. Kosa la mkubwa halimpi mdogo ruhusa, linampa onyo. Kama zege lile lote halikuufukuza mto, chumba na sebule yako vitaufukuza?

Sasa mambo yanabadilika, na nasema kwa furaha ya kweli. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania nazo zimeingia. Nyumba zaidi ya 2,000 zimeingizwa kwenye fidia ili watu waondoke. Linajengwa daraja jipya la Jangwani, urefu wake mita 390, ili maji yapate upana wao chini yake. Karakana inahamishwa. Mto utachimbwa kina, kingo zitapandwa, na katikati ya jiji tutapata bustani ya kupumzikia. Yaani baada ya miaka yote hii ya kubana, tunakopa kuurudishia mto nafasi yake. Mkopo huo mtalipa nyinyi, wewe na watoto wako. Basi angalau ujifunze kwa kitu unachokilipia.

Kinachonikosesha usingizi ni huko kwingine. Msimbazi tumeshaulilia. Nenda Mto Mbezi, nenda Tegeta, nenda Kizinga na Mzinga kule Mbagala, nenda Mpiji. Utakuta dalali yule yule, kiangazi kile kile, kifusi kile kile. Utakuta kijana wa rika lako anapima mita ishirini kwa ishirini kwenye mchanga mweupe laini, na hajiulizi mchanga huo ulifikaje pale. Nani aliuleta? Aliyeuleta anarudi.

Wenzetu wa Nairobi nao yaliwakuta. Masika ya 2024 mito ya jiji lao ilifurika, watu wakafa, na baadaye matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru kubomoa nyumba zilizokuwa mita 30 kutoka mtoni. Watu walilala kwenye mvua mara mbili, mara ya kwanza kwa mafuriko, mara ya pili kwa bomoabomoa. Usidhani ni bahati mbaya ya mji mmoja.

Nakusihi basi, na nakusihi kama ninavyomsihi mtoto asiguse moto. Kiwanja kidogo cha juu ni bora kuliko kikubwa cha bondeni. Chumba cha kupanga Chanika kwa miaka mitano zaidi ni bora kuliko nyumba yako mwenyewe ya miaka miwili. Utachekwa na wenzako waliokwisha kuhamia kwao. Wachekwe hao wanaohamisha magodoro usiku, wewe vumilia.

Kama una haraka sana na moyo umekwama pale pale, nifanyie hisani moja. Usinunue Januari. Ngoja Aprili, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, panda daladala ushuke pale na viatu vibovu. Usiende na dalali. Tafuta mwanamke mtu mzima anayekaa mtaa huo, mwamkie vizuri, muulize maji ya mwaka jana yaliishia wapi. Atakuonesha ukutani kwa mkono wake. Angalia kama vitanda vyao vimeinuliwa juu ya matofali. Angalia kama friji liko juu ya meza. Angalia kuta za nje kwa chini, kama chokaa imepukutika kwa mstari mmoja ulionyooka. Muulize wapangaji wanakaa muda gani kabla ya kuhama.

Ukimaliza hapo, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ukaulize ramani ya eneo hilo inasema nini, nyumba za makazi au eneo la wazi. Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mliuziana. Hauthibitishi kwamba pale panajengeka. Wengi wamelia kwa kutojua tofauti hiyo.

Halafu uje hapa kwangu, na mwenzako, kabla ya kulipa. Tutakaa tuzungumze. Kama pesa haitoshi kiwanja cha juu, tutaitana na shangazi zako na wajomba zako tuone nani ana nini, maana kuchangia msingi ni rahisi kuliko kuchangia msiba. Njoo Jumapili, usimpe dalali yule neno lolote mpaka tumeonana.